Mume Wangu Anashona Mishipa ya Kuku

Mpendwa Maman Madeleine, naomba msaada kabla sijaharibu nyumba yangu au mkono wa kaka yangu, sijui kipi kitatangulia. Mume wangu Hervé ni daktari mpasuaji, na tangu aanze kujifunza kuunganisha mishipa midogo ya damu, mapaja ya kuku ninayonunua soko la Nyawera hayafiki sufuriani kabla hajayapitia, analiweka paja chini ya hadubini, anatafuta mshipa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, anaukata, halafu anauunganisha kwa uzi ambao mimi hata siuoni, mpaka jirani aliyechungulia dirishani akaniuliza, « Maman Chantal, docteur anafanyaka nini na ile nyama, ni dawa ya kuroga? » Nilicheka, lakini kwa kweli mimi mwenyewe humtazama nikasahau maharagwe yanaungua, mikono ile mikubwa inavyotulia, yaani nampenda upya. Shida ni kaka yangu Bruno, seremala wa Kadutu, aliyekatwa kidole gumba na msumeno wa mashine, na sasa hospitali imepanga kuhamishia kidole cha mguu mkononi ili ashike randa tena, na mwalimu wa Hervé amesema Hervé ndiye atakayeunganisha mshipa, yeye akimsimamia. Bruno anafurahi kushonwa na shemeji yake, « Beau-frère njo atanishona, miye naogopa nini? » Lakini juzi nilimwona Hervé akisukuma maji ya wino ndani ya mshipa wa kuku na maji hayakupita, akanong'ona, « Nimekamata ukuta ya nyuma, iko bouché, » akakata nyuzi zote akaanza upya, na tangu hapo silali, nimwambie Bruno akatae, au ninyamaze nisimwaibishe mume wangu?

Chantal, Nguba

Chantal mwanangu,

Pole, hofu ya ndugu haina dawa. Ila umeona jambo kubwa ukalisoma kichwa chini miguu juu. Mshipa ule ni bomba laini. Sindano ikizidi kidogo tu inashika upande wa pili, na njia inafungwa. Ndiyo maana mafundi wa kazi hiyo huacha nyuzi za mwisho bila kuzifunga, wakachungulia ndani kwanza. Na bado mtu hukosea. Sasa niambie, nani alikuwa anamsimamia Hervé pale mezani? Angeweza kusema maji yamepita, ukapika, mkala. Yeye alikata kazi yake mwenyewe, tena mbele ya mke! Wangu hajawahi kukubali hata kwamba alipotea njia.

Lakini ya kunyamaza usiniletee. Bruno anamwamini shemeji kwa kuwa ni shemeji, na undugu haushoni mshipa. Mwite nyumbani Jumapili, Hervé amweleze mwenyewe kwamba kidole kinaweza kukataa kushika, na mguu hautarudishiwa chake. Kama Hervé anahisi mkono utamtetemeka juu ya shemeji yake, aseme, mwalimu ashone, hakuna aibu. Na Bruno akiwa mvutaji, mnyang'anye sigara leo hii, maana moshi hubana mishipa hiyo midogo hata ikishonwa na bingwa.

Kisha useme wewe. Mwambie Bruno juu ya mshipa ulioziba, na umwambie juu ya mikono iliyoukata ikaanza upya bila kuamriwa na mtu. Ukimwambia kimoja ukaficha kingine, utakuwa umemdanganya kaka yako.

Maman Madeleine