Konokono wa Ukutani

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu, na shemeji bado anakoroma, maana akinyamaza ndipo tutaogopa. Mimi ni mzima wa mwili.

Kwanza nimsifu mwanao. Nilidhani kuchunguza konokono wa baharini ni kazi ya waliokosa la kufanya. Kumbe! Maji yakitoka anashuka, suruali imekunjwa, analala kifudifudi juu ya mawe yenye ncha. Vibarua wangu walimtania, wakamuuliza kama kadondosha hereni. Akawajibu anatafuta mchumba, na wao hawamo. Walimpenda siku hiyohiyo.

Alinionyesha wale wadogo wenye gamba kama kofia. Kila mmoja ana mahali pake mwambani. Maji yakijaa anatoka kula, kisha anarudi palepale, gamba linabana kabisa kwenye jiwe asikaushwe na jua. Ukuta tuliojenga mbele ya hoteli ulifunika mawe yao mengi. Wenye hoteli walitaka kuurefusha hadi mwisho wa ufuko, na neno la mwanao ndilo lililosubiriwa: konokono wakihamia ukutani, tuendelee, wasipohamia, basi.

Hawakuhamia. Dada, niache kuzungukazunguka. Mimi niliwabandua kwenye mawe yaliyobaki, ndoo nzima, nikawabandika ukutani kwa gundi ya vigae. Nilitaka kazi isikatike.

Aliwaona kutoka juu, maji yakiwa yamejaa. Akanikumbatia, akasema ukuta wa mjomba wake una uhai. Kesho yake, mbele ya wenye hoteli, alipoanza kuusifu, roho ilinisuta. Nikasema yote.

Hakupayuka. Maji yalipotoka alishuka, akajaribu kumbandua mmoja kwa kisu. Gamba likavunjika. Akaniambia, "Umempigilia mlango naye yumo ndani."

Ukuta hautarefushwa, na usimamizi nimevuliwa. Lakini aliwaeleza wenye hoteli kwamba ukuta laini hauna pa kushika, utobolewe vishimo, na atakayetoboa niwe mimi. Basi natoboa. Anakuja, anaingiza kidole kila kishimo, anakubali au anakataa. Vingi anakataa, na kila mara ana haki. Hajaniongezea neno hata moja la uchungu. Ila neno mjomba halitamki tena. Ananiita fundi.

Nakuomba usinisemee kwake. Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni