Daktari Aliniuliza Nani Hunisikia Nikilala

Jumatano, Julai 2007

Kipupwe leo. Upepo wa kusi unapiga tangu alfajiri na dirisha la ukumbini linagonga, nami sijainuka kulifunga. Nimekaa tu nalisikiliza. Naandika haya kwenye daftari kwanza. Baadaye nitakwenda Darajani kwenye duka la mtandao kuyaweka hapa kwenye blogu, mahali ambapo hakuna anijuaye.

Hii ni wiki ya tatu sijasinzia darasani.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kuandikwa. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina miaka arubaini na sita, na mwaka huu nimelala mbele ya wanafunzi nikiwa nimesimama, chaki mkononi. Wamenipa jina: Maalim Popo. Mara ya mwisho nilianguka, kidevu kikapasuka kwenye ukingo wa meza. Mwalimu mkuu akaniambia, kwa upole, nisirudi kufundisha mpaka nilete karatasi ya daktari.

Mimi nilidhani ni sukari. Wenzangu walidhani nakula mirungi.

Daktari aliniuliza mengi. Kichwa huniuma asubuhi? Ndiyo. Koo hukauka? Ndiyo. Huamka kama sikulala? Kila siku. Kisha akasema, "Na unapolala, pumzi hukatika?"

"Nitajuaje, daktari, na mimi nimelala?"

"Ndiyo maana nataka nizungumze na mtu anayelala karibu nawe. Wiki ijayo njoo naye."

Nikasema inshallah, nikatoka. Sikumwambia kwamba nyumbani hakuna mtu.

Alikuwepo. Nilimwacha mimi mwenyewe.

Mize alikuwa mke wangu kwa miaka tisa. Kwao ni Jambiani, kijiji cha pwani. Mara nyingi asubuhi aliniambia, "Jana tena roho ilitaka kukutoka, Maalim. Nenda hospitali." Nikamjibu aache upuuzi. Mwisho, kwa hofu, akamweleza dada yangu mkubwa, Bi Salma. Dada akacheka, akawahadithia wenziwe, na haikufika Ijumaa mtaa mzima ukajua kwamba nakoroma kama ng'ombe anayechinjwa. Niliona nimevuliwa nguo barabarani. Jamaa zangu wakasema ndiyo hayo ya kuoa shamba, mke hajui kumsitiri mumewe, tena anamzulia maradhi. Nikamwandikia talaka.

Alikuwa akiniomba nitibiwe. Mimi nikasikia matusi.

Basi Jumamosi ile nikapanda gari kwenda Jambiani. Nilimkuta uani na mama yake, wanaanika mwani. Hajaolewa tena. Mikono yake imekuwa migumu, imepasuka kwa maji ya chumvi.

"Shikamoo, mama."

Mama yake aliugeuza mwani kwanza. "Marahaba. Umefuata nini?"

Nikawaeleza, nimesimama vilevile, maana hakuna aliyenipa kiti. Mize aliendelea kuutandaza mwani, kanipa mgongo.

"Kukoroma hakukuwa kukinitisha," akasema. "Ukikoroma nlikuwa nnajua u hai. Kilichokuwa kikinitisha ni kimya. Unakoroma, unakoroma, mara kimya. Kifua kinahangaika, pumzi haiingii. Nnasoma sura ya Kul-huwa-llahu. Nkiimaliza mara mbili na bado, nnakupiga bega. Unashtuka kama mtu aliyetolewa chini ya maji, halafu unalala tena."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Wewe ulikuwa ukilala vibaya, Maalim. Mimi nlikuwa silali."

Niliandika maneno yake kwenye daftari kama mwanafunzi. Nikamwomba radhi. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nshakusamehe. Mpelekee daktari hayo, akutibu. Na huku usije tena, watu watasema."

Mama yake akaongeza, bila ya kuinua uso, "Na huko kwenu mjini mpaka leo mwanangu anaitwa mzushi."

Daktari alipoyasoma maneno ya Mize kwenye daftari aliniomba niisome Kul-huwa-llahu mara mbili, naye akatazama saa yake ajue pumzi ilikuwa ikikatika kwa muda gani. Nilipomaliza aliziandika sekunde. Kisha akaniazima kidude cha kubana kwenye kidole, kinachopima hewa iliyomo kwenye damu, nikalala nacho usiku mmoja. Kilionyesha hewa inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, mpaka asubuhi. Akanieleza kwamba nikilala nyama za koo hulegea zikaziba njia. Mwili hushtuka ili uvute pumzi, mwenyewe nisijue. Ndipo mchana usingizi unanidai. Akasema ugonjwa huu ungeachwa hivihivi, moyo nao ungechoka.

Binamu yangu aliyeko Maskati ndiye aliyeniletea mashine: sanduku dogo lenye mpira mrefu na barakoa ya puani, linalopuliza hewa ili koo lisijifunge. Siku za mwanzo niliivua kila mara, nikiona nabanwa. Daktari akanihimiza nivumilie, nipunguze uzito na nilalie ubavu. Nikavumilia. Siku moja nikaamka kwa adhana, kichwa chepesi, nikakaa kitandani sijui nifanye nini na wepesi ule.

Nilitaka kumwambia mtu. Nilimwambia muuza mkate. Akasema, "Alhamdulillahi, mikate mingapi?"

Sikutegemea kwamba nikipona nitakuwa mpweke zaidi. Zamani nikirudi kazini nilianguka kitandani, siku ikapita. Sasa nimempelekea mwalimu mkuu karatasi ya daktari, nafundisha tena, na nikirudi niko macho alasiri nzima, na nyumba hii ina vyumba vitatu.

Niko macho, basi nifanye la mtu aliye macho. Kesho kutwa baada ya sala ya Ijumaa jamaa wote hukusanyika kwa Bi Salma kula chakula. Nitakwenda na karatasi ya daktari, nitaisoma mbele yao, niseme kwamba Mize hakuzua kitu, na kwamba kama ningali hai ni kwa sababu yeye alikesha. Si kwa ajili ya kumrejesha. Hilo lishapita, na amenikataza nisiende kwao.

Watacheka tena, nawajua. Je, safari hii nitaweza kusimama wakicheka, mpaka nimalize kusema?