Mbuzi wa Daraja la Plamedi

Kasongo, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mudogo wangu Salomon,

Amani ya Bwana ikukute huko Kalemie, wewe na nyumba yote. Mugongo wako unaendeleaje? Sisi tuko wazima. Muhindi umekauka vizuri. Njia ya Kabambare iko vilevile, mubaya.

Wewe ulisema hautakanyaga Kasongo mpaka muto wa Wamaza upate daraja la kweli, si magogo. Basi, injenia anayelipima ni Plamedi. Wengine wanazaa watoto; mimi nilizaa injenia.

Analichora ndani ya ordinatere, kompyuta yake, na sura ya daraja yote inafunikwa na pembetatu ndogondogo, kama wavu. Halafu mashini inapandisha kamio, lori zito, juu yake, inahesabu kila pembetatu inabeba uzito gani. Zilikuwa nyingi mno. Batri ya jua ilizimika hesabu ingali katikati. Na wakubwa wa mradi walitaka jibu Jumatatu, la sivyo chuma kinapelekwa fasi ingine.

Akapunguza pembetatu, akachora chache na kubwa. Jibu likaja chai haijapoa: daraja linabeba. Sikungoja. Nilimupa jirani yetu Abedi achinje mbuzi, ili yeye na Waislamu wenzake nao wale, nikaita kwaya ya wamama, hata Amisa anayetutajia mwana wake daktari kila siku.

Tukiwa tunakula, Plamedi akaangalia tena, akasema, “Mama, lile jibu si la kweli.” Alikuwa amepunguza kila fasi, hata kuzunguka matundu ya bulo, zile bolti, pale vyuma vinashikana. Akanyanyua kitunga changu. “Ubavuni umefuma wazi, kwenye ukingo umebana. Mimi nilifuma wazi pote.”

Amisa akasema, “Basi mbuzi arudi zizini.” Watu walicheka. Nikamupakulia tena, hakukataa.

Plamedi akarudisha pembetatu ndogo kwenye matundu tu, kwingine akaacha kubwa. Batri ilitosha. Kumbe chuma kingepasuka palepale. Akaongeza bamba nene, akahesabu upya, daraja likabeba. Jumatatu wakubwa walikubali. Misingi inachimbwa kiangazi hiki. Mutu mwingine angenyamaza, nyama ikiwa kinywani. Wangu hakunyamaza.

Kwa hiyo, daraja likiisha, magogo si sababu tena. Mbuzi wa kwanza tulimula kwa daraja la kupasuka. Wa pili utamuleta wewe, atembee kwa miguu yake juu ya lile lililobeba.

Nisalimie wifi Rosine na watoto, Blaise na Elsa. Mungu atangulie mbele ya kila hatua yenu.

Dada yako mukubwa, akupendaye na kukungoja,
Mama Plamedi