Ngao Mbili za Simba

Upplands Väsby, Stockholm

Mdogo wangu Elias,

U hali gani? Goti la mama limetulia? Na wewe, pale Daudi alipokung'oa meno mawili pamepona, au bado wanywa uji tu? Mimi mwili mzima, moyo mgonjwa. Nimesikia umemkatakata ng'ombe wake, na sasa panga unamnolea mwenyewe. Ndugu yako wa mama mdogo, damu ya baba mmoja! Kisa shamba. Ala!

Binti yangu Neema anasomea uchoraji hapa. Likizoni akanivuta hadi Siena, mji mkongwe wa Italia, tukaone picha za kale. Nilidhani nitaona malaika. Mungu wangu, damu tupu! Ukutani mwa kanisa askari wanachoma watu mikuki ya tumbo, na mama mmoja anamrarua askari uso kwa kucha. Nikasema tutoke. Neema akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba bado hatujaona nembo za koo.

Basi tukafika kwenye jumba la mawe. Juu ya mlango zimechongwa ngao mbili, zote za simba. Moja nzima, ya pili imegongwa kwa tindo hadi simba hana kichwa. Mzee anayetembeza wageni akasema wenye jumba walikuwa ndugu wa baba mmoja. Mkubwa alimchinja mdogo pale pale ngazini, akaivunja ngao yake. Wana wa mdogo wakarudi, wakamtupa yeye dirishani.

Nikauliza, "Na jumba akachukua nani?"

"Benki, mama," akasema, akacheka.

Nilikaa kwenye ngazi ile nikalia, watalii wakinitazama. Neema aliogopa sana.

Elias, Daudi naye kaniandikia. Maneno ni yale yale yako, ati atakumaliza. Nyote nimewabeba mgongo huu huu, mkinikojolea! Mngekuwa karibu ningewazaba makofi mpaka mkono ufe ganzi. Sikia: atakayemuua mwenzake hana dada. Siji kuzika, na jela siji.

Nisalimie mama, shangazi na mjomba wetu fundi cherehani. Salamu za Daudi usimtume mtu. Mpelekee wewe mwenyewe Jumapili mkitoka kanisani, mikono mitupu. Naye nimemwambia akuletee zako vivyo hivyo. Mtakutana njiani.

Dada yenu,
Sabina