Roboti ya Chuoni na Mikono Yako

Mama yangu,

Shikamoo. Leo nitaiitikia mwenyewe, maana siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Chuoni wametuletea roboti. Usicheke! Si zile za kwenye televisheni. Hii mwalimu wetu na mafundi wake wameiunda kwa plastiki, mishipi ya kuvulia na mota ndogondogo, ili na sisi tusio na mashine za gharama tujifunze kupasua wagonjwa. Ina mikono miwili myembamba. Unashika vishikio, unatazama kioo cha kompyuta, nayo inashona kipande cha godoro kama utakavyo wewe.

Kwangu ilishona ilivyotaka yenyewe. Nilikuwa nachungulia vidole vyangu, na kila nikichungulia, uzi unakatika. "Binti, mikono yako haitapotea," mwalimu akaniambia. "Tazama kioo." Jaribio la tatu nikafeli tena. La nne ndilo la mwisho. Ukilikosa, huingii chumba cha upasuaji na wenzako. Nililia chooni, mama, nikataka kuachana na upasuaji kabisa. Na wewe unajua kwa nini nautaka. Tumbo lilipokushika, ulihitaji kupasuliwa siku ileile, na mpasuaji alikuwa mbali, kule chini mjini. Ulitutoka njiani, kichwa chako mapajani kwangu.

Pale pale chooni nikakukumbuka kwenye mashamba ya chai, Bumbuli, kikapu mgongoni. Unachuma kwa mikono yote miwili huku unapiga soga na jirani yetu Mama Rehema, na vidole huviangalii hata kidogo. Mimi, likizo ile niliyokuja kukusaidia kuchuma, nilivikodolea macho vyangu mpaka nikabaki nyuma peke yangu kwenye ukungu. Ukanirudia, ukanipiga kikofi cha mgongo: "We mtoto, vidole havichumwi! Tazama chai."

Kesho yake nikamwomba rafiki yangu anifunike mikono kwa kitenge. Darasa zima likacheka, eti namficha mwali. Wacha wacheke. Macho yakatulia kwenye kioo, mafundo yakakaa. Nikafanya hivyo wiki mbili. Jaribio la nne nikafaulu, tena bila kitenge!

Sasa niko kwenye mazoezi, hospitali ya huku kwetu milimani. Juzi, daktari akiwa amesimama kando yangu, nilimshona mama mmoja mkulima aliyepasuliwa ngiri. Asubuhi nilipopita wodini akaniuliza, "Mwana wa nani wewe?" Nikakutaja jina. Niliogopa kidogo, maana tangu utoke Njombe kuja kuchuma chai, miaka yote hiyo watu wa huku walikuita yule mgeni.

Akanishika mkono, akamgeukia mwenzake wa kitanda cha pili.

"Huyu ni wetu," akamwambia.

Nilitoka wodini haraka wasinione ninavyolia. Pumzika, mama yangu. Wagonjwa wananisubiri.

Mwanao wa pekee,
Tumaini