Vikombe Vinavyoimba

3 Machi
Dada mpenzi,
Salamu tele. Mzima? Na shemeji, bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Mimi mzima, na kazi naijua kuliko fundi anayenifundisha. Usimwambie.
Vikombe vya mgahawa wako hivyo hapo, sanduku zima. Bluu kama hiyo uliiona wapi? Siri ni unga wa kioo wenye magadi mengi. Tunaupaka juu ya udongo, tanuri linauyeyusha. Fundi alisema nipunguze. Nikaongeza! Tena vyangu vinaimba, ting, ting, tangu vitoke motoni. Vya fundi kimya, utadhani vimefiwa.
Mdogo wako, Fundi Mkuu

9 Machi
Mdogo wangu mwenye mdomo,
Hatujambo, shemeji yako anakoroma salama. Jamani, vikombe vizuri! Nafungua Jumamosi. Mama mkwe ndiye atakayekunywa wa kwanza. Chumba cha mgahawa ni chake. Asiporidhika anakipangisha kwa kinyozi.
Mbona bado vinaimba kabatini? Na vina vimistari kama nywele.
Dada yako

13 Machi
Dada, salamu baadaye. Usimimine chai!
Nilimsomea fundi barua yako huku nacheka. Hakucheka. Kumbe magadi yakizidi, kioo kikipoa kinasinyaa kuliko udongo ulio chini yake. Kinajivuta mpaka kinapasuka. Kila ting ni ufa. Nikabisha, nikajimiminia chai ya moto. Kikombe kikabaki mezani, mimi nimeshika kishikio chake tu. Tumia hata vya plastiki!
Mdogo wako

17 Machi
Mdogo wangu,
Barua yako imeingia leo. Mama mkwe alikisifu kikombe, akakizungusha watu wakione, akataka chai ya moto hasa. Kikamfungukia mapajani. Sasa anatembea kwa kushika ukuta, na kinyozi ameshaleta viti vyake.
Leo nimemsomea uliyoandika. Nilingoja matusi. Akauliza tu, "Vingine kauza wapi?"
Nimjibu nini?
Dada yako

20 Machi
Dada,
Nilikuwaza wewe tu, haki ya Mungu. Vingine nimeiuzia shule ya watoto wadogo, ile ya nyuma ya karakana. Vya uji. Nilivipeleka siku niliyokutumia vyako, kabla sijajua, nikawaambia watoto wasikilize vinavyoimba. Mwalimu alisema vitaanza kutumika leo, na uji huwa asubuhi. Sasa ni asubuhi. Fundi anapiga kiki pikipiki tuwahi shuleni, naandika haya ikikataa kuwaka.
Imewaka.
Mdogo wako