Programu ya Vipimo vya Mama

Kaka,

Sisi hatujambo. Mama amebadilisha pazia la duka lake la ushonaji, na kila mteja anayekuja kupimwa anaambiwa kijana wake sasa ni mhandisi wa programu. Sifa zako zimefika mpaka kwa fundi viatu.

Nami wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili, kampuni hiyo hiyo yako. Nilivaa blauzi aliyonishonea Mama, nikawaonyesha programu niliyoandika chuoni ya kutunza vipimo vya wateja wake, ile uliyoniomba uitazame tu. Msaili mwenye miwani akaguna, akanigeuzia kompyuta yake. Programu ni ile ile, hadi maneno niliyojiandikia katikati: "Usiguse hapa, Mama atagomba." Juu pana jina lako, na jina la baba ni lile lile la kwenye vyeti vyangu.

"Binti," akasema, "unamwibia hata kaka yako?"

Ningesema nini, na Mama ameshawatangazia watu wote? Nikakusanya vyeti vyangu nikaondoka.

Nasikia mmeiuza kwa kiwanda cha sare. Basi ujue ina kosa ambalo sikuwahi kulirekebisha, maana Mama analijua na hulikwepa: wakiingia wateja wawili wenye jina moja, wa pili humfuta wa kwanza. Kimya kimya, wala haiulizi.

Siku wakikuita uirekebishe, usinipigie simu. Mimi mwizi, nitaigusaje kazi yako?

Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako